Niliwafuta Akina Mama Waliokufa, Kisha Mdogo Wangu Akaja Kujifungua

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Mimi ni muuguzi, mkazi wa Lubumbashi, mjane mwenye watoto wawili waliokwisha kuwa wakubwa. Jina langu mniruhusu nilifiche, ndugu wasomaji, na majina ya wengine nimeyabadili. Si kwamba naogopa kushtakiwa... hapana, hilo nimelitamani mara nyingi! Nalificha kwa sababu mama yangu bado yu hai na anasoma kila karatasi inayomfikia mkononi, na mpaka leo hajui ni nini hasa kilichomuua mtoto wake wa mwisho.

Mimi najua.

Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga. Babu alishuka huku akifuata kazi ya reli, na baba naye akafanya kazi hiyohiyo mpaka nguvu zikamwishia. Mama alizaa wengi, tukabaki wawili: mimi na Nadine, niliyempita miaka kumi na miwili. Nilimbeba mgongoni. Nilimshika mkono akiandika herufi zake za kwanza kwenye ubao. Aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, na kwetu anayeitwa Yaya ni mama wa pili.

Nilifanya kazi miaka mingi katika materniti, yaani wodi ya wazazi, ya hospitali moja ya commune ya Kenya, mtaa wa mji wetu wenye jina kama la ile nchi. Sitaitaja. Wanawake walikuja kwetu wakitoka sokoni na tumbo mbele, wengine bado wameshika mifuko ya nyanya. Niliwapokea watoto wengi kwa mikono hii.

Nilipofika miaka arobaini nikapata hamu ya kusoma tena. Mjini kulikuwa na masomo ya masta, yaani shahada ya uzamili, kila Jumamosi, ya kuchambua data za afya na kuongoza hospitali. Nikajiandikisha. Nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani! Vijana walikimbiza vidole kwenye kompyuta, mimi nabonyeza kwa kidole kimoja kama mtu anayechoma sindano. Lakini sikukata tamaa. Nilichokijua kwa mikono yangu miaka yote ile, sasa nilikiona kimechorwa kwenye kioo, kimesimama wima, na mtu yeyote angeweza kukisoma.

Kumaliza masomo kulitaka memwari, yaani kitabu cha utafiti cha mwanafunzi mwenyewe. Nikachagua materniti yetu. Nikachukua rejista za miaka iliyopita, zile kubwa zenye majalada yaliyochanika, nikaziingiza kwenye kompyuta mstari kwa mstari.

Nikaona kitu.

Wanawake waliotokwa damu nyingi baada ya kujifungua walikufa hasa siku ambazo umeme ulikatika tangu asubuhi. Friji yetu ya damu ilikuwa nzee. Umeme ukienda, damu inaharibika, friji inabaki tupu, na mtu anatumwa mjini kati kutafuta nyingine. Katika rejista, saa ya kuomba damu na saa ya damu kufika zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu mbili tofauti. Katikati ya kalamu hizo mbili, mwanamke alikuwa amekwisha kufa.

Nilifurahi, mnisamehe kusema hivyo. Nilifurahi kwa sababu nilijua dawa yake: friji mpya inayotumia nguvu ya jua. Ningeandika, wakubwa wangesoma, friji ingekuja. Si ndiyo kazi ya masomo?

Nikampelekea daktari mkuu wa hospitali, sisi tulimwita Direkta. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wangu wa kazini, na bila muhuri wake nisingeweza kusimama mbele ya walimu kutetea memwari. Alisoma kurasa zote. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Mama, kazi yako iko muzuri sana," akasema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kinachosema "ba" penye "wa" na "njo" penye "ndiyo". "Lakini unataka bafunge hii hospitali?"

Nikamjibu kwamba nimeandika kile kilichomo kwenye rejista, sikuongeza neno.

"Bale bamama bamesha kufa," akasema kwa upole, kama anamtuliza mgonjwa. "Utabafufua na kompyuta? Andika tulibatuma ku hospitali ingine. Weka 'amehamishwa'. Kule hatujue ginsi iliisha. Njo basi."

Akaongeza kwamba ofisi ya takwimu inahitaji mkubwa mwenye masta, na kwamba angependa awe mtoto wa nyumba ileile, si mgeni. Akaniuliza tarehe ya kutetea ni lini. Alikuwa anaijua!

Nilikaa siku tatu na jambo hilo. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupata mihuri yao. Mama alikuwa amekwisha kushonesha kitambaa cha sherehe. Nilijiambia neno moja tu halina uzito... wamekwisha kufa kweli... nikishakuwa mkubwa wa takwimu nitarekebisha kila kitu. Ni nani hajawahi kujidanganya hivyo?

Nilifanya mchana kweupe, nimekaa mezani, chai imepoa pembeni. Wanawake hao hawakuzidi vidole vya mikono yangu. Mmoja wao nilimkumbuka vizuri, muuza nyanya aliyekuwa na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Nikafika kwenye mstari wake. Nikafuta "amefariki". Nikaandika "amehamishwa". Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko. Nikabonyeza ndiyo.

Nilitetea memwari yangu na walimu wakanisifu. Ile habari ya friji nilikuwa nimeiondoa yote, kwa maana haikuwa tena na wafu wa kuisimamisha. Mama alicheza. Nadine alitoka Kasomeno, mji mdogo alikoolewa, na kapu la samaki wakavu wa Kasenga kichwani. Akakikumbatia kitabu changu akapigwa nacho picha. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliheshimu kila kilichoandikwa.

Nikapewa ofisi. Nikapewa kiti kinachozunguka.

Miezi michache baadaye shirika moja liliomba takwimu za hospitali zote. Lilikuwa na friji za damu za nguvu ya jua, na lilitaka kuzipeleka palipo na vifo vingi. Friji zilezile! Fomu ikaja mezani kwangu. Nikaenda kwa Direkta nikimwomba sasa tuandike ukweli, maana safari hii ukweli unaleta faida. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Akasema tukigeuza namba, wataulizana memwari yangu ilisema nini, na masta yangu itakwenda wapi?

Nikaandika kwamba kwetu hakuna mama aliyekufa kwa kutokwa damu. Nikatia sahihi. Friji zikaenda kwingine, kwa wenye shida zaidi... ndivyo barua ilivyosema, na ilisema kwa adabu.

Sasa nifike kwa Nadine. Mungu anisaidie.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa miaka saba na Kazadi, mfanyabiashara, mtoto wa watu wa Kasai waliohamia huku zamani. Mume mpole. Miaka saba hawakupata mtoto, na maneno ya watu mnayajua. Kazadi hakumwacha, hakumtukana. Kisha akiwa na miaka thelathini na mmoja, Nadine akashika mimba! Alinipigia simu analia mpaka sikusikia anachosema, nikadhani kuna msiba.

Mimba ilipofika miezi saba akaja Lubumbashi. Tulikaa uani tunachambua sombe, majani ya muhogo. Akaniambia mkunga wa Kasomeno amemshauri azalie mjini, kwa sababu mimba ya kwanza kwa umri wake inataka uangalizi.

"Yaya, nimesoma kitabu yako yote," akasema. "Kwenu hakuna mama anakufa na damu. Nitazala kwenu."

Mikono yangu ikasimama kwenye majani.

Ndugu wasomaji, nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na ulimi. Mjini kulikuwa na hospitali nyingine zenye friji nzima, na neno moja lilitosha: nenda kule. Lakini angeniuliza kwa nini. Ningemwambia nini? Kwamba kitabu alichopigwa nacho picha ni uongo? Kwamba Yaya wake...

Nikamwambia: "Kuja. Nitakuwa pale mi mwenyewe."

Akacheka. Akaendelea kuchambua sombe.

Uchungu ulimshika asubuhi moja ya majira ya mvua. Kazadi alimleta, nikampokea mlangoni, nikampima, kila kitu kilikwenda sawa. Nikamkabidhi kwa Mama Josée, mkunga mwenye uzoefu kuliko wote. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Nikasema moyoni sitatoka hapa hata hatua moja, na damu nitaanza kuitafuta mapema.

Kabla sijatuma mtu, Direkta akaniita. Kulikuwa na mkutano mjini, katika ukumbi wa hoteli, wakubwa wa afya na mashirika, na ilikuwa zamu ya hospitali yetu kuonyesha takwimu. Gari linangoja. Nikamwambia mdogo wangu yuko chumba cha kuzalia.

"Leo hauko mukunga," akasema. "Uko mukubwa wa takwimu. Bakunga beko. Unaenda kusema dakika kumi, unarudia."

Nikaenda! Mpaka leo nauliza miguu yangu: kwa nini mlikwenda? Nilizoea kumtii, ndilo jibu, na jibu hilo halinitoshi.

Mlangoni tuliambiwa tuzime sauti za simu. Zamu yetu ilichelewa, dakika kumi zikawa saa na zaidi. Hatimaye nikasimama mbele ya watu nikaonyesha michoro yangu. Mchoro wa akina mama waliokufa kwa kutokwa damu ulikuwa mtupu, hauna hata nguzo moja. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema hospitali nyingine zije kujifunza kwetu.

Niliporudi kwenye kiti nikatazama simu. Mama Josée. Kazadi. Mama Josée. Kazadi. Mama Josée...

Nikatoka mbio ukumbini nikampigia.

"Mama, mutoto ni muzima, mutoto mwanamuke," Mama Josée akasema, anahema. "Lakini damu iko natoka. Hainyamazi! Friji haina kitu. Tumetuma muntu ku mji na karatasi!"

Nilikuwa mjini. Damu ilikuwa mjini! Nikapanda pikipiki mpaka mahali inapotolewa, nikasimama dirishani, nikasema kundi la damu la Nadine, nikasema ni mdogo wangu, nikasema mimi ni muuguzi. Msichana wa dirishani akaniambia bila ubaya wowote kwamba damu haitoki bila karatasi ya daktari na chupa ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nimefundisha wengine sheria hiyo.

Na yule aliyetumwa na karatasi alikuwa njiani. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, maji yamejaa barabarani, magari yamesimama. Nilimpigia, akasema anashuka kwa miguu. Nikakaa mbele ya dirisha lile. Nyuma ya kioo niliiona friji. Ilikuwa inanguruma. Nilikuwa karibu nayo kiasi cha kuigusa na sikuwa na uwezo wowote... wowote! Mnaijua hali hiyo? Kusimama na masta yako, na kiti chako, na miaka yako ya kazi, na kushindwa hata kuvuka kioo?

Alifika amelowa mwili mzima. Tukapewa damu, tukaiweka kwenye kisanduku cha barafu, tukarudi na pikipiki tukikata maji.

Mama Josée alikuwa amesimama mlangoni, mikono imening'inia. Kazadi amekaa sakafuni, ameshika shuka.

"Alikuwa nasema neno moja tu," Mama Josée akaniambia. "Yaya eko nakuja na damu. Yaya eko nakuja."

Tulimzika Nadine siku ya tatu. Kwenye kilio, nyumbani kwa mama, watu walinifariji mimi kuliko wote. Walisema afadhali alifia mikononi mwa watu wa kwake. Nilikaa kwenye mkeka nikapokea pole hizo moja baada ya nyingine, na kila moja ilinichoma.

Baada ya wiki mbili nilirudi kazini. Nikaenda moja kwa moja kwenye rejista ya materniti. Nilitaka kuliona jina lake, sijui kwa nini. Nikalikuta. Umri wake, saa ya kujifungua, mtoto wa kike, hai. Na mwisho wa mstari, kwa mwandiko wa Mama Josée, neno moja: "amehamishwa".

Nilimvuta Mama Josée mpaka chumba cha dawa. Nilitaka kumpiga! Nikamuuliza mdogo wangu alihamishwa kwenda wapi. Akaanza kulia.

"Njo bile tunaandikaka tangu kitabu yako, Mama," akasema. "Direkta alituambia ni wewe ulipanga. Eti njo ginsi ya kisasa."

Sikumpiga. Nilikaa chini kwenye maboksi ya glavu.

Siku hiyohiyo nikaingia kwa Direkta. Alinipa pole, akasimama kabisa kunipa pole. Nikamwambia nakwenda kusema kila kitu. Hakukasirika. Alifungua kabati akatoa memwari yangu, fomu ya shirika, na ripoti za kila mwezi, akazipanga mezani mbele yangu kwa utulivu.

"Sahihi iko ya nani?" akauliza. "Onyesha fasi moja, ukurasa moja tu, nilitia yangu."

Hapakuwa na hata moja. Muhuri ulikuwa wa hospitali. Jina lilikuwa langu, kila ukurasa.

Hata hivyo nilikwenda. Nilikwenda ofisi ya wakubwa wa afya, wakaniambia takwimu hizo zimekwisha kupitishwa, nilete vielelezo. Vielelezo vilikuwa rejista za zamani, na niliporudi kuzitafuta nikaambiwa ziliharibiwa na maji ya mvua. Nilikwenda chuoni. Mwalimu aliyenisimamia alinisikiliza huku akitazama saa, akasema memwari ikishatetewa imekwisha, akanishauri nipumzike kwa sababu msiba umenichosha. Niliandika barua. Nikaandika nyingine. Sikupata jibu lolote. Nilikuwa mtu anayejishtaki na hapati mtu wa kumkamata!

Nikabaki na mlango mmoja. Nikamwendea Kazadi.

Alikuwa bado kwa mama, na mtoto wake, waliyemwita Aimée. Nilimwomba tutoke nje, nikamweleza yote tangu mwanzo, sikujipunguzia kitu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliniuliza swali moja tu.

"Ile siku alikuambia atazala kwenu, Yaya, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaingia ndani. Kesho yake akamchukua mtoto wakaenda Kasomeno kwa mama yake mzazi. Mama yangu hakuambiwa sababu, Kazadi alimhurumia. Mimi hakuniaga.

Nimekwenda Kasomeno mara nyingi tangu hapo. Wananipa kiti nje, wananipa maji ya kunywa, wananiuliza safari. Ni watu wa heshima. Lakini mtoto hatolewi. Namsikia ndani akicheka, na mara moja niliona mkono wake mdogo umeshika pazia. Mara ya mwisho Kazadi alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Gari lilipokaribia ndipo akafungua mdomo.

"Akikomaa atauliza mama yake alikufa ginsi gani," akasema. "Njo wewe utamuambia. Mi sitaweza."

Niliacha kazi ile. Sasa niko katika kituo kidogo cha afya pembezoni mwa mji, hakuna kompyuta, rejista tunaandika kwa mkono. Direkta bado ni Direkta. Friji bado ni ileile. Kila umeme ukikatika asubuhi nasimama na kazi iliyo mkononi, nafikiria ni nani leo amelala kwenye kitanda kile, na sina la kufanya.

Ndugu zangu mnaosoma masomo haya, na ninyi mnaokaa mbele ya kompyuta na karatasi za wagonjwa, nawaomba kwa machozi. Mkubwa wako akikuambia ugeuze neno moja tu, inuka kwenye kiti hicho. Kosa masta. Kosa ofisi. Rudi nyumbani mikono mitupu wakucheke mtaa mzima! Usidhani unaandika habari ya waliokwisha kufa, kwa sababu karatasi hiyo itasomwa na mtu aliye hai anayekuamini, na atakuja na mzigo wake wa nguo za mtoto mpaka mlangoni kwako. Msipite njia niliyopita mimi.

Aimée ana miaka miwili. Nimeambiwa ameanza kusema maneno mawili matatu. Siku atakayoweza kupanga swali, inabidi niwe na jibu... Nalitafuta kila siku, na sijalipata.